Janja ya Nyumba Janja

Aliyetafsiri jina la vifaa hivi akaviita "vifaa janja" alitufanyia hisani bila kujua. Simu janja, taa janja, soketi janja, nyumba janja. Kwa Kiingereza neno lile ni sifa tupu: kitu chenye akili, kitu cha mtu aliyeendelea. Kwa Kiswahili chetu, ukiniambia fulani ni mjanja, jambo la kwanza nitakalofanya ni kushika mfuko wangu. Basi tushike mifuko kwa dakika chache, halafu tuongee.

Hoja ninayoipinga umeisikia redioni, umeiona kwa mabango ya maduka ya vifaa vya stima, na kama una simu imekufuata mpaka kitandani. Inasema hivi: nunua soketi inayoongea na simu yako, taa inayojizima ukitoka, na kidude cha kukuonyesha grafu ya matumizi yako, na bili itashuka, na mazingira yatapumua. Mimi nasema kwa mpangaji wa Nairobi, na wapangaji ndio wengi mjini humu, hoja hiyo ni uongo mara mbili. Kwanza ni uongo wa hesabu. Pili ni uongo kuhusu nani hasa anayepoteza stima na nani anayepaswa kuulizwa. Huo wa pili ndio unaoniudhi, lakini nitaanza na hesabu kwa sababu hesabu haina urafiki na mtu.

Niseme pia ninaongea nikiwa wapi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliponishinda, na tangu siku hiyo kibodi ndiyo shamba langu. Naandika makala za kulipwa kwa neno. Wateja wangu wengi wako Uingereza, Kanada na Australia, na ukiniuliza ni mara ngapi nimeandika "njia kumi za kupunguza bili kwa nyumba janja," sina jibu, nimepoteza hesabu. Silalamiki. Makala hizo ndizo zinazoninunulia tokeni. Lakini kazi hiyo imenifanya nisome vile vijikaratasi vya maelezo ambavyo mnunuzi hutupa pamoja na kaboni ya boksi. Najua kila kidude kinakula wati ngapi kikiwa kimekaa tu.

Na najua vilitengenezewa nyumba gani. Kidhibiti joto cha Nest kilipoingia sokoni Marekani mwaka 2011, kiliingia katika nchi ambayo nyumba hupashwa joto miezi na miezi. Huko, joto ndilo linalokula sehemu kubwa ya kawi ya nyumba. Kidude kinachojua kwamba watu wametoka na kikapunguza moto mpaka warudi, hicho kinaokoa pesa za kweli. Kampuni yenyewe ilitangaza punguzo la asilimia 10 hadi 12 kwa gharama ya kupasha nyumba na karibu 15 kwa kupooza. Sina ugomvi na takwimu hizo. Ugomvi wangu ni huu: nitafutie nyumba ya kupanga Roysambu yenye mfumo wa kupasha joto. Baridi ya Julai ikija, kidhibiti chetu ni sweta na soksi mbili.

Kitu cha pili kinachofanya vifaa hivi vilipe huko ni bei inayobadilika. Uhispania bei ya stima ya nyumbani kwa wateja wengi hubadilika kila saa. Uingereza kuna mipango ambayo bei hubadilika kila nusu saa. Hapo mashine inayosubiri hadi saa nane usiku ndipo ianze kufua ina maana, kwa sababu saa hiyo uniti ni rahisi. Hapa kwetu uniti ya nyumbani saa nane mchana na uniti ya saa nane usiku ni bei moja. Punguzo la usiku lipo, lilianza Desemba 2017, lakini lilianzishwa kwa ajili ya viwanda na biashara kubwa, si nyumba. Kwa hivyo ukiiambia soketi yako isubiri usiku, hutaokoa hata ndururu. Utawaamsha tu majirani. (Na kwetu anayefua ni mama fua. Anakuja Jumamosi saa mbili, na hapangiwi saa na programu.)

Hapa ndipo mtu anapaswa kukasirika kidogo. Usiku wa manane nchi ikilala, mahitaji ya stima hushuka. Mvuke wa Olkaria unaachiliwa hewani. Mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310, huambiwa wakati mwingine ipunguze mwendo ilhali upepo unavuma. Yaani stima ya usiku ipo, tena safi, tena inamwagwa. Lakini mwenye bedsitter hauziwi kwa bei ya usiku. Wazee wa estate za zamani watakumbuka kwamba zamani kulikuwa na bei maalum ya kupasha maji: tanki la maji moto lilikuwa na laini yake, kampuni ikilikatia stima saa za msongamano na kulirudishia baadaye, na mwenye nyumba akilipa bei nafuu kwa uvumilivu huo. Hicho ndicho kifaa janja. Hakikuwa na programu wala nenosiri, na faida yake ilionekana kwenye bili.

Sasa njoo kwa soketi janja yenyewe. Bei yake madukani ya mjini ni kama shilingi 1,800. Kazi inayotangaziwa ni kuzuia "stima inayonyonywa kimyakimya," mfano televisheni iliyozimwa kwa rimoti lakini taa nyekundu bado inawaka. Umoja wa Ulaya tangu 2013 unadai vifaa vya aina hiyo visivuke nusu wati vikiwa vimelala, na televisheni za sasa zinatengenezwa kwa soko la dunia nzima. Nusu wati, saa 24, siku 365: uniti 4.4 kwa mwaka. Mimi nanunua uniti moja kwa shilingi 32 (nitafika kwa sababu). Hiyo ni shilingi 140 kwa mwaka mzima.

Lakini soketi janja haiwezi kulala. Lazima ikae macho kwenye waifai ikisubiri simu yako iseme kitu, na kukaa macho huko kunakula kama wati moja. Uniti 8.8 kwa mwaka, shilingi 280. Umeajiri askari wa 280 alinde mali ya 140. Na ile 1,800 ya kuinunua bado hujairudisha.

Na soketi zetu, za mtindo wa Kiingereza wa matundu matatu, zina swichi palepale ukutani. Soketi nyingi za Marekani na za bara la Ulaya hazina. Mtu wa Chicago akitaka kukata stima ya televisheni lazima apige magoti achomoe plagi nyuma ya kabati, kwa hivyo kwake soketi janja inatatua shida. Wewe unanyoosha kidole tu. Ukiwa na dikoda ya zamani inayokula wati kumi hata ikiwa imezimwa, hapo kweli kuna pesa: saa 20 kwa siku ni uniti 73 kwa mwaka, zaidi ya shilingi 2,300 kwa bei yangu. Zima ukutani ukienda kulala. Kidole hakihitaji kusasishwa.

Halafu kuna ruta. Nyumba janja haiwezi kuzima ruta, maana ndiyo ubongo. Wati nane usiku na mchana ni karibu uniti sita kwa mwezi. Kwa familia inayotumia uniti 30, hiyo ni moja kwa kila tano, imeliwa na kifaa ambacho kazi yake ni kuviwezesha vingine viokoe.

Na tuongee kuhusu shawa, kwa sababu hakuna makala ya nyumba janja inayoitaja, na ndiyo mnyama mkubwa wa nyumba ya Nairobi. Ile shawa ya moto papo hapo iliyofungwa juu ya kichwa chako, na nyaya zake zimezungushwa selotepu, inavuta kama wati 5,500. Oga dakika nane, umetumia karibu robo tatu ya uniti. Oga kila siku mwezi mzima, uniti 22. Shawa peke yake inakaribia kumaliza kiwango chote cha mtu maskini. Soketi janja haiwezi kuigusa; imetengenezwa kubeba kama wati 3,000, na ukilazimisha utaita zimamoto. Taa yako ya LED ya wati tisa, ukiiwasha saa nne kila jioni, inakula uniti moja hivi kwa mwezi. Lakini ni taa ndiyo tunayouziwa iwe janja, ibadilike rangi, ijizime yenyewe.

Ukitaka kuokoa kwenye shawa, hesabu haijifichi. Lita kumi za maji, kutoka baridi ya bombani hadi joto la kuoga, zinahitaji kama robo uniti. Ndoo moja ya maji ya birika ni theluthi ya shawa ya dakika nane. Mama zetu walijua. Njia ya kistaarabu zaidi iko juu ya paa: kanuni za 2012 za kupasha maji kwa sola zilitaka jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lipate angalau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua. Lita 100 ni familia mbili tatu tu. Panda juu ya ghorofa lolote hapa Thika Road uhesabu paneli. Utahesabu matangi ya plastiki meusi, kamba za nguo na antena. Mwenye jengo hakuweka sola kwa sababu bili ya shawa si yake. Ni yako. Kwa hivyo wewe ndiye unayeshauriwa ununue taa janja.

Sitasema sana kuhusu stima kupotea, kila mtu ana hadithi zake. Agosti 25, 2023 nchi nzima ilizama gizani mpaka uwanja wa ndege wa JKIA, na mwaka huo haukuisha kabla ya giza lingine kubwa Novemba na lingine Desemba. Nitaongeza jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji: taa nyingi za aina hii, stima ikipotea na kurudi, huwaka zenyewe kwa nguvu zote, kwa sababu hazijui kama zilikuwa zimezimwa. Saa tisa usiku stima inarudi, na nyumba yote inawaka kama harusi.

Hayo ni hesabu. Mtu mwenye nyumba Runda, mwenye bwawa, pampu ya kisima, waya wa stima ukutani na tanki la maji moto la lita 200, anaweza kuniambia kwamba kwake vifaa hivi vinalipa. Nakubali. Mombasa pia, ofisi iliyoweka kipooza hewa nyuzi 18 usiku kucha bila mtu ndani, kidude cha kukizima kitarudisha pesa zake. Wape. Mimi naongea na sisi wengine.

Plot ninayoishi ina ghorofa tano na milango 48, bedsitter na nyumba za chumba kimoja. Getini, ndani ya kizimba cha chuma, kuna mita kubwa moja ya Kenya Power. Kwenye kila mlango kuna kimita kidogo cha kampuni ya kibinafsi. Ukitaka stima hutumi pesa kwa Kenya Power. Unatuma kwa nambari ya hiyo kampuni, inakata ada yake ya huduma, inakurudishia tarakimu ishirini. Ndiyo maana uniti yangu ni shilingi 32. Mtu wa ng'ambo ya barabara ana mita yake mwenyewe ya Kenya Power, anaishi kama mimi, anakula kama mimi. Tokeni yake ya mia tano inampa uniti zaidi ya tano juu ya zangu 15.6. Tunatumia nguzo moja.

Sababu haihitaji digrii. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya stima ya nyumbani ni ya mtu ambaye wastani wake hauzidi uniti 30 kwa mwezi. Kutoka 31 hadi 100 unalipa bei ya kati, ukipita hapo bei ya juu. (Kabla ya hapo ile bei ya chini ilifika hadi uniti 100, huo mkato ulipita kimya kuliko ulivyostahili.) Bei ya chini iliwekwa kwa ajili ya mtu kama mimi, ninayetumia uniti 24. Lakini Kenya Power hainijui. Inaijua mita ya getini, na mita ya getini inasoma milango 48 kwa pamoja. Uniti 24 mara 48 ni zaidi ya 1,150. Kwa mujibu wa mita hiyo, mimi na mzee wa chai wa ghorofa ya kwanza na wale wasichana wanne wa chuo wanaolala chumba kimoja ni mteja mmoja mkubwa anayefuja stima. Bei nafuu ya maskini inafika getini, inagonga kizimba cha chuma, inarudi. Halafu juu yake anaongezewa wa kati na chake.

Nilimuuliza keateka. Akasema, "Kijana wangu, mimi ni wa kufagia na kufungua geti. Hiyo uliza ofisi." Nikapigia ofisi. Wakasema bei imewekwa na mwenye jengo. Mwenye jengo akajibu ujumbe wangu baada ya siku nne, kwa maneno matatu: "Ni mfumo tu." Ukitaka kujua ujanja unavyofanya kazi, ni hivyo. Kila mtu ana kidole, hakuna mwenye mkono.

Na sikiliza hili. Kila mwanzo wa mwezi kampuni hiyohiyo hututumia ujumbe wa vidokezo vya kuokoa stima. Zima taa usizozitumia. Pakua programu yetu ufuatilie matumizi yako kila saa. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama anayelea watoto wawili, aliipakua. Sasa kila jioni anaangalia grafu, na juzi nilimsikia akimgombeza mtoto wa miaka saba kwa kuacha taa ya choo. Taa ya wati tano! Nikamfanyia hesabu nyuma ya risiti: hata akiiacha taa hiyo ikiwaka usiku kucha mwezi mzima, saa kumi kila usiku, ni uniti moja na nusu. Akiokoa uniti tatu kwa mwezi, amepata shilingi 96. Uniti zake 26 zikishuka kwa shilingi nane tu kila moja, anapata 208, mtoto akiwa amelala na taa yake. Akaniangalia, akasema, "Sasa hiyo ya bei nitamzimia nani?"

Swali hilo ndilo makala hii. Programu ya simu inamwonyesha mtoto. Haimwonyeshi mwenye jengo. Haikutengenezwa kumwonyesha. Grafu yake ina mstari wa uniti na haina mstari wa "bei tuliyonunulia" kando ya "bei tuliyokuuzia." Kuweka mstari huo ni kazi ya mchana mmoja kwa msee yeyote anayejua kuandika programu, na nina marafiki kumi wasio na kazi wanaoweza.

Kisha panda ngazi moja zaidi. Kati ya kila uniti 100 ambazo Kenya Power hununua kwa wazalishaji, zaidi ya 20 hazifiki kwenye bili ya mtu yeyote. Nyingine huyeyuka kwa nyaya zilizochoka na transfoma zilizozidiwa, nyingine huibwa. Sehemu ya upotevu huo huruhusiwa kuingizwa kwenye bei tunayolipa. Mradi wa Loiyangalani ulikuwa tayari 2017, laini ya kupeleka stima Suswa ikakamilika 2018, na gharama ya stima iliyosubiri nyaya ikahesabiwa kwetu. Nchi inayopoteza moja kwa tano kabla ya mlango wangu, halafu inatuma mtu anifundishe kuhusu taa nyekundu ya televisheni! Mimi sikatai kuzima taa. Nakataa kuambiwa kwamba taa yangu ndiyo habari.

Nimesikia wenzangu wakinijibu kwamba napinga maendeleo, kwamba teknolojia haina hatia. Labda. Lakini hebu tuangalie kifaa cha kawi chenye intaneti ambacho kimeingia nyumba nyingi Kenya kuliko taa yoyote ya rangi. Si soketi. Ni ile sola ya kulipa kidogo kidogo. Shangazi yangu Vihiga anayo. Paneli iko juu ya mabati yake, betri iko chini ya meza yake, na ndani ya kile kisanduku kuna laini ya simu. Akilipa, taa zinawaka. Siku asipolipa zinazima. Jua limewaka kutwa nzima juu ya paa lake, betri imejaa pomoni, na yeye amekaa gizani kando yake na koroboi. Kampuni itasema ni mkopo, na mkopo hulipwa. Ni kweli, na bila mkopo huo labda asingepata taa kabisa. Nalisema hilo kwa haki. Lakini tuelewe nini kimeunganishwa na nini. Taa iko kwa shangazi. Swichi iko kwa mtu mwingine, mji mwingine.

Usidhani ni mambo ya maskini wa Afrika pekee. Uingereza, Februari 2023, gazeti la The Times lilionyesha jinsi mawakala wa British Gas walivyokuwa wakivunja milango ya watu wenye madeni ili wafunge mita za kulipia kabla. Kelele ikapigwa, msimamizi wa sekta, Ofgem, akaamuru kampuni zisimame. Lakini mwenye mita janja hakuhitaji hata kuvunjiwa mlango. Mita yake ingeweza kugeuzwa kuwa ya kulipia kabla kutoka ofisini, kwa amri ya kompyuta. Texas, Juni 2021, wakati wa joto kali, watu waliojiunga na mpango wa zawadi walikuta vidhibiti vyao vimepandishwa joto kwa mbali, nyumba zinachemka. Walikuwa wametia sahihi, nani husoma? Na Oktoba 2025 Google iliacha kuhudumia vidhibiti vya Nest vya vizazi viwili vya kwanza. Viko ukutani, vinafanya kazi, lakini haviongei tena na simu ya mwenyewe. Waholanzi waliliona mapema: mwaka 2009 seneti yao ilikataa kulazimisha kila nyumba iwe na mita janja, kwa sababu mita inayosoma matumizi yako kila mara inajua uko nyumbani saa ngapi, unalala saa ngapi, umesafiri lini.

Hapa kwetu, nani amesoma sera ya faragha ya kimita kilicho mlangoni mwake? Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019. Kampuni ya vimita inajua mlango upi hauna mtu wiki hii, na mwenye jengo anaweza kuliona hilo kwa simu yake.

Mtu ataniuliza, basi wewe unataka nini? Nitakupa mfano wa kitu kilichofanya kazi. Mwaka 2010 serikali na Kenya Power waligawa balbu za kuokoa stima zaidi ya milioni moja, bure, wakichukua zile za zamani za waya zinazokula wati 60. Unaleta balbu yako, unapewa nyingine. Hakuna aliyehitaji simu wala semina ya tabia njema. Mzigo wa saa za jioni ukapungua nchi nzima, kwa sababu kitu chenyewe kilibadilishwa, badala ya kumkabidhi mama mboga kazi ya kuwa mhandisi wa nyumba yake. Vivyo hivyo kanuni za 2016 za lebo za nyota kwenye friji: friji yenye nyota nyingi inaokoa ikiwa imekaa tu, mwaka baada ya mwaka, iwe una waifai au huna. Ukiwa na elfu mbili za kutumia kwa stima, ziongeze kwenye friji bora au kwenye presha ya umeme ya kupikia maharagwe.

Lakini jambo kubwa si la kununua. Sheria ya Kawi ya 2019 inadai leseni kwa anayetaka kuuza stima kwa rejareja. Sasa tuulize, mlango kwa mlango: huyu anayetuuzia uniti kwa 32 ana leseni gani, na nani aliidhinisha bei yake? EPRA huidhinisha bei ya Kenya Power hadi senti ya mwisho na kuichapisha. Inaweza kudai vivyo hivyo kwa kila mita kubwa inayolisha vimita. Inaweza kusema kwamba plot yenye milango 48 ihesabiwe kama nyumba 48, ili kila mlango upate uniti zake 30 za bei ya chini. Vimita vyenyewe tayari vinarekodi kila mlango umetumia ngapi. Data ipo. Kwa mara ya kwanza kifaa janja kingefanya kazi upande wetu, na hakuna hata waya mmoja wa kuongeza. Na bei ya usiku iliyopewa viwanda 2017 ifunguliwe kwa nyumba; hapo nitakuwa wa kwanza kununua saa ya kuwashia birika.

Kwenye plot yetu tumeanza na kitu kidogo. Kila mmoja anapiga picha ya tokeni yake, pesa upande mmoja na uniti upande mwingine, anaitupa kwenye grupu ya WhatsApp ya wapangaji. Mpaka sasa tuna milango 31. Mama wa mlango wa pili ndiye anayeandika kwenye daftari, kwa kalamu, na wiki ijayo tunapeleka nakala mbili: moja kwa mwenye jengo, nyingine EPRA. Keateka ametuomba tusimtaje, kisha akatuletea picha ya mita ya getini.